Siku Mama Alipobadilisha Mkate

Maziwa yakishika chini ya sufuria, harufu yake haitoki nyumbani hata ufungue madirisha yote. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliyaacha motoni akaenda kucheka na simu yake. Mimi nilikuwa barazani, miguu inaniuma, ile harufu ikanifuata huko huko. Nilimkemea, ndiyo. Halafu sufuria nikalisugua mwenyewe, maana vijana wa sasa wanasugua juu juu. Mkono ukawa unasugua, lakini kichwa kimeshakwenda Ujiji, jikoni kwa mama yangu, miaka ile ya wakimbizi wa ng'ambo, na mimi mtoto nimesimama juu ya kigoda nakoroga maziwa kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwa ndugu yetu.

Naandika kwa wenzangu wa umri wangu, nyinyi mnaojua mgongo ni nini. Sikusoma sana. Madarasa machache ya shule, na chuo cha Kurani, basi. Kwa hiyo sitapamba.

Miaka ile maboti yalikuwa yakifika kutoka Kongo yamejaa watu. Wengine walishuka na mbuzi, wengine na cherehani, mmoja nilimwona na mlango wa nyumba yake, mlango mtupu, kaubeba kichwani. Siku za anga safi milima ya kwao tuliiona kutoka ufukweni kwetu, na sisi watoto tulijua nchi yenye vita lazima itoe moshi. Tulikaa tukitazama. Milima ilikuwa ya bluu, imetulia kama kawaida. Tukaambiana kwamba watu wazima wanatudanganya, hakuna vita yoyote, hawa wamekuja kula dagaa.

Baba alikuwa mtu wa dagaa. Alinunua kwa wavuvi wa Kibirizi, akaanika, akauza kwa wanaopakia treni. Siku moja alirudi na mwanamke na mtoto. Mwanamke alikuwa na nywele ndefu zilizojaa mchanga, na mtoto alinyonya vidole viwili kwa pamoja. Baba alisimama mlangoni hakuingia, kwa sababu alimjua mke wake.

Mama yangu, Bi Zena, Mmanyema wa Ujiji hasa, alikuwa na wivu wa kupasua vyungu. Nasema kweli. Muuza ndizi mmoja aliwahi kumchekea baba kidogo tu, akarudi kwao na ndizi zake na sufuria la mama nyuma yake. Basi siku hiyo mama alimtazama yule mwanamke kuanzia miguuni.

"Nani huyu?"

"Mjane," baba akasema. "Mumewe wamemuua mlangoni pa duka lake, huko Uvira. Amekaa kule kwenye dagaa tangu asubuhi, hana pa kwenda."

"Eda amekaa?"

"Atakaa wapi eda, kwenye boti?"

Mama akasogea mlangoni. "Ingia, mwanangu. Mjane hafukuzwi."

Ndivyo Bi Nasim alivyoingia kwetu, na Munira wake. Baba yake Nasim alikuwa Mpunjabi, wa nchi ambayo sasa inaitwa Pakistani. Mama yake alikuwa Mbembe wa ufukweni kule Kongo. Mume wake alikuwa Mpunjabi pande zote mbili, na ndugu zake walimtupa alipomwoa binti wa Mbembe. Duka lilichomwa na kila kilichokuwamo, cheti cha ndoa na picha pia. Alimaliza eda yake chumba cha nyuma, wanawake wa mtaa wakija kukaa naye, na mama akimpelekea maji ya kuoga kwa mkono wake. Walipatana. Mjane aliyejifungia chumbani hawezi kumtia mtu wivu.

Eda ilipokwisha, amri ikatoka. Mkimbizi asiye na ndugu mjini wa kumpokea apande lori, aende kwenye makambi huko mbele ya Kasulu. Sisi watoto tuliwaonea gere wale wa lori. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda lori. Nilimwambia Munira akipanda akae mbele, aone njia. Nasim alikuwa akikunja nguo, akaziacha, akanitazama tu.

Ndugu alikuwa naye. Kaka mkubwa wa marehemu, Bwana Karim, alikuwa na duka la vitambaa Kigoma mjini. Hawakuwahi kuonana. Baba akaenda kuzungumza naye, akarudi amechoka.

"Anasema siku hizi kila mwanamke anayeshuka botini ni mjane wa ndugu yake. Ameuliza cheti."

"Kimeungua," Nasim akasema.

"Nimemwambia. Atakuja Ijumaa na mkewe wakuone. Wakikukubali, unahamia kwao. Wakikukataa, lori linaondoka Jumapili."

Nasim akafikiri. Kisha akasema, "Nitawapikia shahi tukra. Mume wangu alinifundisha kwa mdomo, hatua kwa hatua, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Ni mama wa huyo Karim pia. Akionja atajua mimi nimetoka nyumba gani."

"Ni chakula gani hicho?" mama akauliza.

"Mkate kwenye maziwa, dada."

"Mkate kwenye maziwa sisi tunampa mgonjwa."

Nasim akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka.

Mimi sikutaka akubaliwe. Nilikuwa mtoto wa pekee katika nyumba ile, na Munira alikuwa ameanza kunifuata hata chooni. Nilikuwa nimepata mtu wa kumwamuru. Kwa hiyo nilisaidia kazi ile huku nikiomba iharibike.

Na ilikuwa kazi. Nyinyi mnaonunua vitamu dukani hamjui. Maziwa yaliletwa na bibi mmoja Muha wa Kidahwe, kwenye kibuyu kinachonuka moshi, na samli yake kwenye kibuyu kingine. Akasimama mlangoni, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye!" Aliposikia maziwa yote yale yatachemshwa mpaka yabaki kidogo chini ya sufuria, akaweka mikono kiunoni.

"Mnayachoma mpaka yaishe? Ng'ombe wangu akiniuliza nimwambie nini?"

"Mwambie yanakwenda kwa wakwe," mama akamjibu.

"Aa, kwa wakwe! Basi yachomeni."

Jikoni kwetu kila kitu kilipikwa kwa mawese. Mama alipotoa chupa ya mawese Nasim akaisukuma taratibu, akasema yatapaka mkate rangi nyekundu na kuula utamu wote. Mama akairudisha chupa mahali pake kwa kishindo. Nikapewa kijiko cha mti. Kazi yangu ilikuwa kukoroga, na kila maziwa yakifanya malai, ule utando mnene wa juu, niyasukume malai yale pembeni yagande kwenye ukingo wa sufuria, nisiyazamishe. Ukizubaa chini panashika. Ukikoroga kwa nguvu malai yanazama. Moshi wa kuni unakutoa machozi na huwezi kujifuta. Mkono wangu ulikufa ganzi begani. Nasim alikuwa akiponda iliki nyuma yangu, akisema, "Polepole, Mwajuma. Maziwa hayapendi mtu mwenye haraka." Mtu ambaye lori linamsubiri ndiye aliyekuwa akiniambia nisiwe na haraka.

Mkate ulikuwa umenunuliwa kwa mwokaji wa Rusimbi siku mbili nyuma. Nasim aliukata vipande akavipanga kwenye sinia, vikakauka hewani. "Lazima ulale," alimwambia mama. "Mkate mpya haufai."

Sasa hapa nisikilizeni, kwa sababu jambo lote liko hapa. Kwetu Ujiji mkate uliolala ni wa kuku. Mgeni ukimpa mkate uliolala, akitoka hapo mtaa mzima utajua. Na hawa hawakuwa wageni tu, walikuwa wageni wa kuja kupima. Mama aliposikia "mkate mpya haufai" hakusikia maneno ya mpishi. Alisikia mkimbizi mwenye haya, amekaa muda mrefu nyumba ya watu, anaogopa kuomba. Mama yangu hakuwa mtu wa kuaibishwa kwa ajili ya mkate.

Ijumaa alasiri Nasim akaenda kutawadha na kuswali. Mama akatoa kitu alichokificha kwenye khanga: mkate mpya, bado wa moto. Akaukata vipande sawasawa na vile vya sinia, akavipanga vile vile. Vile vikavu akaenda kuwamwagia kuku uani. Aliniona namtazama.

"Mgeni hapewi makombo," akasema. "Hata kama mwenyewe anaona haya kusema."

Nasim alirudi, na wakati huo huo wageni wakabisha hodi. Samli ilikuwa imeshapata moto. Akashika kipande cha kwanza. Niliona vidole vyake vinaingia ndani ya mkate kama kwenye pamba. Akamwinulia mama macho. Mama alikuwa amesimama pale na khanga yake mpya, ameridhika, kama mtu aliyekufanyia jambo kubwa na hataki shukrani. Hodi ikapigwa tena. Nasim akainamisha macho, akatia kipande kwenye samli.

Mimi nilikuwa mtoto, na nilivyoelewa ni hivi: ameona mkate si wenyewe, na amenyamaza, kwa hiyo anataka chakula kiharibike. Anataka kubaki na sisi. Moyo wangu ulijaa furaha.

Bwana Karim alikuwa mnene, mpole, na alikaa kwenye ncha ya kiti. Mkewe, Bi Shirin, ndiye aliyekaa vizuri. Alimtazama Munira kwa muda mrefu, yule mtoto akanyonya vidole vyake. Nasim akaleta sinia. Vipande vilikuwa vimekunywa maziwa yote na kulegea. Bi Shirin alipoingiza kijiko hapakuwa na kipande tena. Kilikuwa kimeyeyuka, na malai yangu niliyoyatesekea yanaelea juu.

"Huu ni uji," Bi Shirin akasema. Hakusema kwa ukali. "Shahi tukra unasimama kwenye sahani."

Nasim angeweza kusema neno moja tu, akamnyooshea mama kidole. Akasema, "Mkono wangu umechoka leo. Mnisamehe."

Bwana Karim alikuwa akila. Aliinamia sahani, akala, akala, akakwangua mpaka chini. Kisha akafuta mdomo na kusema bila kumtazama mtu, "Tumechelewa."

Walipotoka nilimshika Munira mikono tukaruka ruka uani. "Mnabaki! Mnabaki!" Mama akanipiga kofi la mgongo, nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku. Ndiko nilikomwona mama. Alikuja na bakuli la maziwa yaliyobaki, akachutama, akaokota kipande kimoja kikavu ambacho kuku walikuwa wamekidonoa pembeni. Akakipuliza vumbi, akakichovya. Akasubiri. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja chake. Kilikuwa kimelainika na kimesimama, hakikuvunjika. Alikitazama kwa muda, kisha akakaa chini kabisa kwenye mavi ya kuku, na khanga yake mpya.

Asubuhi yake, Jumamosi, hakunywa chai. Alinishika mkono tukaenda Kigoma kwa miguu. Dukani Bwana Karim alikuwa nyuma ya vitambaa, Bi Shirin kwenye kiti mbele. Mama hakusubiri hata salamu ziishe.

"Mkate niliubadilisha mimi. Yeye alikuwa na mkate uliolala, nikaona aibu, nikaweka mpya. Kosa si lake. Nipeni nafasi moja, apike tena leo."

Bi Shirin alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeanguka.

"Mama, hukumwona mume wangu alivyokula? Unadhani mtu anakwangua sahani ya uji? Ile iliki, yale maziwa, ni mkono wa mama mkwe wangu. Nilijua nilipofika mlangoni, kabla sijakaa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Tukimkubali huyu, kesho anashuka mwingine. Na mtoto atakua, atataka sehemu ya duka. Nyinyi mko kwenu. Sisi hata hatujui tutakaa hapa mpaka lini." Akanyoosha kitambaa kilichokuwa mapajani mwake. "Usijilaumu na mkate, mama. Nenda nyumbani upumzike."

Bwana Karim alikuwa akipima kitambaa ambacho hakuna mteja aliyekuwa amekiomba. Hakuinua uso.

Tulitoka. Karibu na stesheni mama alikaa juu ya jiwe, akavua ndara, akazitazama nyayo zake. Nilidhani anapumzika. Sasa ninajua alikuwa anapigana na nafsi yake, maana nami nimekuwa mke, ninajua kitu alichokuwa anakipima. Mbele yetu palikuwa na turubai, na meza, na bwana mmoja aliyekuwa akipanga watu wa lori. Mama akavaa ndara, akaenda.

"Kuna mwanamke anaitwa Nasim, wa Ujiji, na mtoto wake. Mtoe kwenye orodha."

"Ana ndugu?"

"Mimi."

"Wewe ni nani kwake?"

"Ni mke mwenzangu."

Bwana akaweka kalamu chini akacheka mpaka akakohoa. "Mama! Wanawake wanakuja hapa kuniomba niwapakie wake wenza wao, wewe wako unamdai?"

"Nimesema ni mke mwenzangu. Unanisikia au niseme kwa sauti?"

"Basi niletee mume na shehe wenu waseme hivyo hivyo, kabla ya kesho asubuhi."

Tukaenda Kibirizi. Baba alikuwa kati ya dagaa, anageuza kwa reki, magamba mpaka kwenye nyusi.

"Unaoa leo," mama akamwambia.

"Nani anaoa?"

"Wewe."

"Namwoa nani?"

"Nasim. Mpaka kesho uwe umeshaoa."

Baba alitazama huku na huku, kama kuna mtu wa kumwelezea. Wapagazi walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. "Bi Zena, unaumwa?"

"Sijambo."

"Mwenyewe ameambiwa?"

"Ataambiwa. Wewe kaoge, unanuka."

Nasim aliambiwa uani, amesimama, Munira kamshika sketi. Mama alimweleza yote, ya mkate na ya dukani, hakuficha.

"Ya mkate nilijua nilipoushika," Nasim akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ningekusema mbele ya wageni, ndani ya nyumba yako?"

Mama akatazama pembeni. Nasim akasema, "Dada, mimi wivu wako ninaujua. Mtaa mzima unaujua. Utaweza?"

"Sijui."

"Sikukuomba hili."

"Na lori hukuliomba. Kubali au kataa, shehe anasubiri."

Nasim akamshika Munira kichwa. Kisha akauliza kitu kimoja tu. "Munira atakuwa mtoto wa nani?"

"Wa nyumba hii. Kama huyu," mama akanisukuma mbele.

Shehe alimsimamia Nasim kwa kuwa hakuwa na walii, ndoa ikafungwa ukumbini kwetu baada ya magharibi. Hapakuwa na ngoma wala pilau. Kahawa tu, na kashata zilizotolewa na jirani. Baba alikuwa ameoga na bado alinuka dagaa. Asubuhi yake malori yalipita kwenda njia ya Kidahwe, watu wamesimama nyuma wameshikana. Munira akaniuliza kwa nini hawapandi wao. Nikamwambia nafasi imejaa.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi baada ya hapo. Mama hakuacha wivu eti kwa sababu wivu ule aliuita mwenyewe nyumbani. Siku za zamu ya Nasim mama alisugua vyombo ambavyo vilikuwa safi, na alisugua kama anavitafutia matundu. Kuna miezi walisemezana kupitia kwangu: mwambie chumvi imekwisha, mwambie mwenyewe aende. Lakini Nasim alipojifungua kaka yangu, aliyemshika mgongo alikuwa mama. Na jirani mmoja alipomwita Nasim mkimbizi kisimani, sufuria la mama lilipaa tena, safari hii na maji ndani yake.

Nilipokaribia kuolewa nilimuuliza. Tulikuwa tunachambua mchele, sisi wawili. Nilitaka nijue ninakokwenda.

"Mama, ulikuja kumpenda Mama Nasim?"

Hakuacha kuchambua. Alitupa kokoto moja nje ya ungo.

"Mimi pale mezani nilisema ni mke mwenzangu," akasema. "Wapi ulinisikia nikisema nampenda?"